Raha ya Kupindua: Hotuba kwa Washonaji wa Nyumbani

Ndugu Mwenyekiti, wanakikundi wenzangu, na wageni mliokuja kusikiliza ingawa sindano mnaishika pale tu kifungo kinapokatika: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nilipoombwa kuzungumza leo nilipewa uhuru wa kuchagua mada yoyote ya ushonaji wa nyumbani, kwa sharti moja tu, kwamba isiwe mfarishi. Sharti hilo lina sababu yake. Miongoni mwa watu wanaoshona kwa kujifurahisha, mfarishi wa viraka una heshima ambayo kitu kingine hakiipati. Ukisema unashona, utaulizwa mfarishi wako umefikia wapi, na ukijibu kwamba wewe hushona pochi na wanasesere, utatazamwa kwa huruma kidogo, kana kwamba bado uko darasa la kwanza. Mimi nimeshona mifarishi minne na ninajifunika miwili kati yake, kwa hiyo msinihesabu katika kundi la wanaoidharau. Hata hivyo, sehemu kubwa ya saa nilizokaa mbele ya cherehani nimezitumia kwa vitu vingine, na kwa muda mrefu sikuweza kueleza kwa nini vitu hivyo vinanipa furaha ya aina nyingine, mpaka jioni moja nilipokuwa nimeketi sakafuni nikihangaika na mguu wa sungura wa kitambaa, nikijaribu kuupindua kwa kijiti, ndipo nikatambua kwamba jibu nilikuwa nimelishika mkononi.

Mfarishi, kwa kawaida, haupinduliwi. Unaunganisha vipande, unavipiga pasi, unavitandaza juu ya tabaka ya pamba na kitambaa cha mgongo, unashona tabaka zote tatu kwa pamoja, kisha unaviringisha ukanda ukingoni. Katika kazi yote hiyo, ambayo kwa mfarishi wa kitanda kikubwa inaweza kuchukua miezi, uso wake unautazama. Unaufahamu kabla haujakamilika. Siku unapokata uzi wa mwisho hakuna jipya unaloliona, isipokuwa kwamba kazi imekwisha. (Najua ipo njia ya kushona mfarishi mdogo kama mfuko na kuupindua kabla ya kuupitishia mishono, wanaoitumia wataniwia radhi.) Vitu vingi vingine vinavyoshonwa nyumbani huenda kinyume na hivyo. Unavishona kwa ndani, pande nzuri mbili zikitazamana gizani, na unachokiona mbele yako ni migongo ya vitambaa, ncha za nyuzi na alama za chaki. Kisha unaingiza mkono kwenye tundu uliloliacha, unashika kona ya mbali, unavuta, na kitu kinatoka. Kabla ya hapo hakikuwapo. Ninataka kuzungumzia vitu vya namna hiyo, na nitaanza na kile ambacho nadhani kila mmoja wetu amewahi kukishona au kukikimbia, yaani pochi ya zipu.

Pochi ya zipu inahitaji vipande vinne vya kitambaa vilivyo sawa, viwili vya nje na viwili vya bitana, pamoja na zipu moja. Kwa zipu ya sentimita 20, vipande vya upana wa sentimita 22 na urefu wa sentimita 15 vinatosha. Zipu inalazwa juu ya kitambaa cha nje, uso kwa uso, na bitana inawekwa juu yake, hivyo kwamba zipu inabanwa katikati na haionekani kabisa. Mshono mmoja unapita kwenye tabaka zote tatu. Upande wa pili unafanyiwa vivyo hivyo. Hapo mkononi una kitu cha ajabu, mfano wa kipepeo mwenye mabawa manne, na mtu anayekishona kwa mara ya kwanza huwa haamini kwamba kitafanana na pochi wakati wowote. Mabawa mawili ya nje yanakutanishwa, mawili ya bitana yanakutanishwa, na mshono unazunguka pande zote isipokuwa nafasi ya sentimita nane hivi chini ya bitana. Kupitia nafasi hiyo pochi nzima inavutwa nje, kwanza bitana, halafu, kupitia mdomo wa zipu, kitambaa cha nje.

Nimesema kupitia mdomo wa zipu, na hapo ndipo penye kisa. Kabla ya kushona ule mzunguko wa mwisho, zipu lazima iwe imefunguliwa angalau nusu. Ukiisahau imefungwa, umeshona kifungo cha jela: kishikio cha zipu kimebaki ndani, upande usiofikika, na kitambaa cha nje hakina njia ya kutoka. Kwenye pochi yangu ya kwanza nilisahau. Nilikaa robo saa nikikibinya kishikio kupitia tabaka mbili za kitambaa, nikikisukuma milimita baada ya milimita kwa kucha, na mwishowe nilichukua kifumulio nikafumua upande mmoja. Kwenye pochi ya pili nilikumbuka. Kwenye ya tatu, ambayo ilikuwa zawadi na nilikuwa na haraka, nilisahau tena.

Zipu yenyewe ina historia inayowatuliza wanaoiogopa, kwa sababu haikuwatii hata walioibuni. Whitcomb Judson, Mmarekani, alipata hataza mwaka 1893 kwa kifungio cha kulabu na vitundu kilichokusudiwa kwa viatu, na matoleo ya mwanzo yalikuwa na tabia ya kufunguka yenyewe. Gideon Sundback, mhandisi mzaliwa wa Uswidi aliyefanya kazi Marekani, ndiye aliyefika mwaka 1913 kwenye meno yanayoshikana kama tunavyoyajua. Kwa sisi wa nyumbani, nafuu kubwa zaidi ilikuja na zipu ya nailoni, ambayo meno yake ni uzi uliosokotwa mviringo. Hiyo unaweza kununua iliyo ndefu kuliko mahitaji yako, ukaishona kwa kukatisha meno mahali unapotaka iishe, na ukaikata baada ya hapo kwa mkasi wa kawaida. Cherehani kinapita juu yake bila kulalamika. Meno ya chuma usiyajaribu hivyo, maana sindano itavunjika.

Kutoka kwenye pochi, hatua inayofuata ni mfuko wa kubebea, na kinachobadilika hasa ni unene. Mtu aliyezoea mifarishi amezoea pamba nyepesi na kuacha ukingo mwembamba wa milimita sita nje ya mshono, basi anapokutana na turubai au jinzi hushangaa kwamba cherehani chake, alichokiamini miaka yote, kinaruka mishono na kukata uzi. Mara nyingi kosa ni la sindano. Sindano namba 80/12 inayofaa pamba ya kawaida haina nguvu ya kutoboa tabaka sita za jinzi zinapokutana penye mpini. Hapo panahitaji namba 100/16 na mshono mrefu zaidi, milimita tatu au tatu na nusu. Ujanja mwingine ni kukunja kipande cha jinzi hiyohiyo na kukiweka chini ya nyuma ya mguu wa cherehani unapofika penye nundu, ili mguu ukae usawa. Mguu unapoinuka mbele na kuinama nyuma, meno ya chini hayashiki kitambaa, na mishono inabanana papo hapo. Wapo wanaopigapiga nundu hiyo kwa nyundo kabla ya kuishona, nami ni mmoja wao. Inafanya kazi, ingawa majirani huuliza maswali.

Kitako cha mfuko ndicho kinachonivutia zaidi. Mfuko bapa, unaposhonwa pande mbili na chini, hauna tumbo. Ukiweka vitu unavimba na kupinda. Lakini ukiishika kona ya chini, ukaitandaza ili mshono wa ubavuni ulale juu ya mshono wa chini, kona inakuwa pembetatu, na ukishona kukatisha pembetatu hiyo unapata kitako. Hesabu yake ni nyepesi: mraba wa sentimita tano uliopimwa kutoka kwenye mistari ya mshono unakupa kitako cha upana wa sentimita kumi. Mishono miwili mifupi, na kitambaa kilichokuwa bapa kinasimama mezani chenyewe. Nimewaona watu wazima wakipiga makofi mfuko wao wa kwanza uliposimama.

Sasa niwageukie wanasesere na wanyama wa kitambaa, ambao ndio walionifundisha zaidi kuliko kitu kingine chochote, na ambao naona wanadharauliwa bila haki kwa kuwa ni vya watoto. Mnyama wa kitambaa ni mistari ya kona na mizunguko mitupu. Hakuna mahali pa kujificha. Mshono ukitetereka milimita mbili kwenye mstari ulionyooka wa pazia, hakuna anayejua. Ukitetereka milimita mbili kwenye shavu la dubu, dubu anaonekana ameumwa jino.

Ukishona mzunguko na kuupindua hivihivi, utatoka na mikunjo na mivutano, na sababu yake inafaa kuelezwa vizuri kwa kuwa watu wengi huambiwa wachanje bila kuambiwa kwa nini. Chukua sikio la mviringo. Ukiwa umelishona kwa ndani, kitambaa cha ziada kilicho nje ya mshono kiko kwenye duara kubwa kuliko mshono wenyewe. Unapolipindua, kitambaa hicho kinalazimika kukaa ndani ya mshono, kwenye duara dogo, na hakina nafasi ya kutosha, kwa hiyo kinajikunja na kuleta vijinundu. Dawa yake ni kukata pembetatu ndogo ndogo na kuzitoa, ili ziada ipungue. Shingo au kwapa la mnyama, palipobonyea kwenda ndani, ni kinyume chake: ziada iko kwenye duara dogo, na ikipinduliwa inatakiwa kufunika duara kubwa, nayo haifiki, basi inavuta. Hapo hukati pembetatu. Unachanja tu mistari mifupi kuelekea kwenye mshono bila kuugusa, ili kitambaa kipanuke kama feni. Mtu akishalielewa hilo kwenye sungura, hatasumbuka tena na kola wala kwapa la blauzi.

Mishono ya mnyama iwe mifupi, milimita moja na nusu hadi mbili, kwa sababu ujazo unasukuma kutoka ndani na mshono mrefu unaachama. Ujazo wenyewe uingizwe kidogo kidogo, kuanzia ncha za mbali, yaani pua, vidole na masikio, na kila bonge lichambuliwe kwanza kwa vidole. Bonge kubwa lililosukumwa mara moja litakaa humo kama jiwe. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu msiweke macho ya vifungo wala ya shanga, hata yakiwa yameshonwa kwa uzi wa mara nne, maana kinachoweza kung'oka kitang'olewa na kutiwa mdomoni. Darizini macho. Jicho la uzi lina uso mpole kuliko la plastiki, kwa maoni yangu, na mishono mitatu ikihamishwa kidogo juu au chini inabadilisha tabia ya mnyama mzima.

Nimetaja wanyama, na siwezi kupita bila kumtaja Margarete Steiff. Alizaliwa mwaka 1847 katika mji wa Giengen, Ujerumani, na ugonjwa wa polio utotoni ulimwacha akitumia kiti cha magurudumu, huku mkono wake wa kulia ukiwa dhaifu. Alijifunza ushonaji, na inasimuliwa kwamba alikigeuza cherehani ili gurudumu lake alizungushe kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1880, kwa kufuata kigezo alichokiona gazetini, alishona tembo mdogo wa kitambaa cha sufu iliyogandamizwa. Tembo yule alikusudiwa kuwa kichomekeo cha pini. Watoto walimwona, wakamchukua, wakamchezea, na kutokana na tembo hao biashara ndogo ya nguo ikawa kiwanda cha wanasesere, ambacho mwanzoni mwa karne ya 20 kilitoa dubu wanaojulikana duniani kote. Ninalolipenda katika habari hiyo ni kwamba kitu kilichoshonwa kwa ajili ya meza ya mshonaji kilichaguliwa na wengine kwa kazi yao.

Na kwa kuwa nimekitaja kichomekeo cha pini, acheni nikitetee. Watu wakiulizwa watashona nini kwa mabaki ya vitambaa, hukitaja hicho kwa aibu, kana kwamba ni mazoezi tu. Mimi ninavyo sita na kila kimoja kina kazi yake. Siri iko kwenye ujazo. Pamba ya plastiki ni nyepesi mno. Pini inazama na kichomekeo kinakimbia mezani unapokichoma. Sufu ya kondoo ni bora, inashika pini vizuri na mafuta yake kidogo huzuia kutu. Maganda ya jozi yaliyosagwa yanakipa uzito wa kukaa mahali pake. Unga wa mawe magumu wa kunolea, ukitiwa katika kimfuko kidogo cha pembeni, husafisha na kunoa ncha za sindano zinazochomwa humo. Nafaka nisingependekeza, kwa kuwa wadudu hawachelewi kuja.

Kwenye mavazi nitachagua mawili tu, kwani mavazi ni bahari. La kwanza ni suruali ya kulalia. Ni vazi la kwanza ninalomshauri mtu ambaye hajawahi kushona nguo, kwa kuwa halina zipu, halina vifungo, na halimkosoi mvaaji. Vipande ni viwili, mguu wa kulia na wa kushoto. Kila mguu unashonwa peke yake kuwa bomba. Halafu mguu mmoja unapinduliwa upande wake mzuri uwe nje, unaingizwa ndani ya mwenzake ambao bado haujapinduliwa, na pande nzuri zinakutana. Mshono mmoja wenye umbo la herufi U unaunganisha kiti cha mbele na cha nyuma kwa mkupuo. Ukiuvuta mguu wa ndani nje, una suruali. Nimefundisha jambo hili kwa watu wengi, na bado hakuna aliyeliamini kwa maneno. Lazima walione.

Kwenye suruali hiyo nilipata aibu yangu ya kudumu. Nilinunua pamba nzuri yenye michoro ya ndege, nikaifua kwanza kama inavyopasa, kwa kuwa pamba hunywea inapofuliwa mara ya kwanza, nikapima mara mbili, nikakata kwa uangalifu mkubwa. Ila ili kubana matumizi ya kitambaa niliweka kigezo kimoja kikitazama juu na kingine kikitazama chini. Suruali ilitoka imenyooka, mishono ikiwa imetulia, na ndege wa mguu wa kushoto wote wakiwa wanaruka miguu juu. Ninaivaa hadi leo, maana usingizini hakuna anayehesabu ndege.

Vigezo vyenyewe vya karatasi tunavyovizoea, vyenye vipimo mbalimbali kwa umbo moja, havikuwapo siku zote. Ebenezer Butterick, fundi cherehani wa jimbo la Massachusetts, Marekani, alianza kuviuza mwaka 1863, mwanzoni kwa nguo za wanaume na wavulana. Kabla yake vigezo vya kuchapwa vilikuwapo, lakini kwa kawaida vilitolewa kwa kipimo kimoja, na mshonaji alilazimika kukipanua au kukipunguza kwa akili yake. Cherehani pia kilikuwa kigeni wakati huo: Elias Howe alipata hataza ya mshono wa nyuzi mbili mwaka 1846, na Isaac Singer alipata yake mwaka 1851. Kwa hiyo katika muda wa chini ya miaka 20 mtu wa nyumbani alipata mashine na kigezo kwa pamoja, na ndipo kushona nguo kamili sebuleni kukawa jambo la kawaida.

Vazi la pili ni sketi ya duara, na nakiri kwamba haina cha kupindua. Nimeiingiza kwa sababu ya hesabu yake. Gawanya kipimo cha kiuno kwa 6.28, upate nusu kipenyo cha tundu la kiuno. Kwa kiuno cha sentimita 70 ni kama sentimita 11. Kitambaa kinakunjwa mara nne, kona inachorwa kama kipande cha pai, na mkasi unafanya yaliyobaki. Kinachowashtua wengi ni pindo. Kwa kuwa sketi hiyo ni duara, sehemu zake nyingine zinaning'inia kwa kufuata nyuzi za kitambaa na nyingine zinaning'inia mshazari, na mshazari hurefuka kwa uzito wake wenyewe. Ukipinda pindo siku hiyohiyo, baada ya wiki litakuwa limeshuka mahali fulani fulani. Itundikeni sketi usiku mzima, au siku mbili kama kitambaa ni laini, kisha mpime upya kutoka sakafuni. Madeleine Vionnet, mbunifu wa Paris, alijenga sifa yake juu ya mshazari huo huo katika miaka ya 1920 na 1930, akijaribu mitindo yake kwanza juu ya mwanasesere mdogo wa mbao. Sisi tunajaribu juu ya mlango wa kabati.

Kuhusu vitu vya nyumba sitasema mengi. Mapazia ni kazi ya kupima kuliko ya kushona: upana wa kitambaa uwe mara mbili hadi mbili na nusu ya upana wa dirisha, na baada ya hapo ni mistari mirefu isiyo na habari. Foronya ya mto wa kochi inayofungwa kwa nyuma kwa vipande viwili vinavyopandana sentimita 12 hivi haihitaji zipu wala vifungo, nayo inapinduliwa kupitia mwanya wake yenyewe, basi ina raha yake. Ikateni iwe ndogo kidogo kuliko mto, ili mto ujae hadi konani. Vitambaa vya kuwekea sahani mezani vinanichosha, na sijui kwa nini tunaendelea kupeana.

Ila kwa vishikio vya sufuria nina onyo moja. Kila kitu ndani yake kiwe pamba tupu au sufu: kitambaa, ujazo, na uzi pia. Poliesta huyeyuka kwa joto kali, na kinachoyeyuka hushika ngozi. Vivyo hivyo kwa vile vibakuli vya kitambaa vinavyotumika kushikia bakuli zinazotoka kwenye maikrowevu. Uzi wa kung'aa au utepe wenye nyuzi za chuma ndani yake unaweza kutoa cheche na kuwaka.

Wengi wetu tulipata somo jingine la namna hiyo mwaka 2020, tulipovitoa vyerehani kabatini kushona barakoa. Mwezi wa Juni mwaka ule Shirika la Afya Duniani lilishauri barakoa za kitambaa ziwe na tabaka tatu, na watu ambao hawakuwa wameshona kwa miaka walijikuta wakikunja marinda madogo ya puani usiku wa manane, huku lastiki nyembamba ikiadimika kila mahali hadi tukawa tunakata fulana kuukuu kuwa kamba. Barakoa nayo hupinduliwa. Ninadhani kuna watu walioonja kupindua kwa mara ya kwanza kwenye barakoa, na hawakurudi nyuma.

Nimalizie na kona, kwa kuwa ndipo kupindua kunapofaulu au kuharibika. Kola, mfuko wa shati, kona ya pochi: zote zinatakiwa zitoke kali. Watu hufika konani, wakasimamisha sindano, wakageuza kitambaa kwa pembe kamili na kuendelea, wakidhani kona kali kwa ndani itakuwa kali kwa nje. Haiwi hivyo, kwa sababu kitambaa kina unene na hakuna mahali pa kuuweka. Shoneni mshono mmoja wa kukatisha kona, au miwili kama kitambaa ni kizito, ili kona iwe butu kidogo kwa ndani. Punguzeni ziada kwa mshazari. Na msiisukume kwa ncha ya mkasi. Nimetoboa kola mbili kwa mkasi, na zote zilikuwa zimekamilika. Kijiti butu kinatosha.

Kwenye meza ya nyuma nimeandaa seti kadhaa za pochi, vipande vinne na zipu katika kila bahasha, na vyerehani vitatu tayari vimetiwa uzi. Karibuni tushone. Wale wageni niliowataja mwanzoni, nawaomba hasa, kwa kuwa nataka kuziona nyuso zenu itakapotoka. Na kabla ya kushona ule mzunguko wa mwisho, jamani, fungueni zipu.